Mwambao wa Karema: Historia Iliyoandikwa na Abiria

Tarehe 11 Juni 1876 Henry Morton Stanley aliondoka Ujiji kwa boti yake iliyoitwa Lady Alice, akashika njia ya kusini, ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika ukiwa mkono wake wa kushoto. Boti hiyo ilikuwa imeundwa Uingereza kwa vipande vinavyofunguliwa na kuunganishwa tena. Wapagazi waliibeba kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Viktoria, na kutoka huko hadi Tanganyika. Baada ya siku 51 Stanley alikuwa amerudi Ujiji, akiwa amepita ncha ya kusini ya ziwa na kupanda na mwambao wa magharibi. Katika masimulizi yake kuna milima inayoteremka hadi majini, ghuba, rasi, vijiji vya wavuvi na upepo wa jioni. Leo watu wa mataifa ya mbali hulipa fedha nyingi ili wafanye jambo lililo karibu sana na hilo. Hukodi kayaki, kile kimtumbwi chembamba walichokibuni Wainuiti wa nchi za barafu na ambacho siku hizi hutengenezwa kwa plastiki, wakapita kandokando ya mwambao wa nchi ya ugenini kwa ajili ya kuutazama. Tukilitazama jambo kwa jicho hilo, wale ambao vitabu vya shule vilitufundisha kuwaita wavumbuzi walikuwa pia watalii wa mwambao wetu, na pengine watalii waliofadhiliwa vizuri kuliko wote waliowafuata.

Hata hivyo ipo tofauti moja ambayo haitajwi. Mtalii wa kayaki hupiga kafi mwenyewe, mikono ikamwuma, akajifunza kwa maungo yake upepo unavyogeuka kwenye rasi. Wasafiri wa karne ya 19 walipigiwa makasia. Walioandika hawakupiga kasia, na waliopiga kasia hawakuandika. Historia ya mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, na hasa sehemu ile ambayo leo ni ya Mkoa wa Katavi, imeandikwa na abiria.

Nasema hasa Katavi kwa sababu sisi tuliokulia Mpanda tumezoea kujihesabu kuwa watu wa bara kabisa. Mji wetu ulikuzwa na mgodi wa risasi wa Uruwira na tawi la reli kutoka Kaliua. Ukimwuliza mgeni anajua nini kuhusu Katavi atakutajia viboko wa hifadhi, mahindi na mpunga. Mkoa ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 wengi walizungumzia ardhi, madini na wakimbizi. Ziwa lilitajwa kwa nadra, ingawa mkoa una wilaya nzima inayoitwa Tanganyika, na ndani yake vijiji vya Ikola na Karema vina historia ya kimataifa ambayo miji mingi mikubwa ya nchi hii haina.

Nianze na safari ya kwanza iliyoachiwa maandishi. Machi 1858 John Hanning Speke alitoka Ujiji kwa mtumbwi, akafuata ufuko wa mashariki kuelekea kusini hadi Kabogo, ndipo akakata ziwa kwenda kisiwa cha Kasenge upande wa magharibi. Alikwenda kutafuta jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayim ili yeye na mwenzake Richard Burton waweze kulizunguka ziwa kwa starehe zaidi. Jahazi hakulipata. Alichopata ni mdudu aliyemwingia sikioni na kumwachia uziwi, kisa ambacho wanahistoria wa Ulaya hawachoki kukisimulia. Mimi navutiwa zaidi na njia aliyopita. Kwa nini mtumbwi uliokuwa unakwenda magharibi uanze kwa kwenda kusini siku nzima baada ya siku, ukigusa ufuko kila palipo na ghuba? Kwa sababu waendesha mtumbwi walijua ni wapi ziwa hukatwa na ni wapi halikatwi. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina kinachokaribia mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu kuliko pote. Mtumbwi wa mti mmoja hauingii katikati yake kwa kubahatisha. Zilikuwepo njia zinazojulikana, na Speke alipitishwa katika mojawapo kama abiria wa basi anavyopitishwa barabara asiyoichagua.

Aprili ya mwaka huohuo Burton na Speke walikwenda kaskazini hadi Uvira kwa mitumbwi ya Kannena, mtemi mdogo wa Kawele. Burton amejaza kurasa kwa malalamiko juu ya wapiga makasia: kwamba husimama wanapotaka, huondoka wanapotaka, hulala mchana na kusafiri usiku, hubishana, huimba, hawasikii amri. Wanafunzi wangu husoma kurasa hizo na kuona ubaguzi wa rangi. Ubaguzi umo, wala hauhitaji kutafutwa kwa tochi. Lakini nawaomba wazisome mara ya pili kama mtu anayesoma ripoti ya hali ya hewa. Mtu anayesimama mchana na kuondoka usiku, katika ziwa ambalo upepo wake hubadilika kwa saa, ana sababu zake. Burton aliandika dalili zote akaziita uvivu.

Katika misafara hiyo alikuwepo mtu mmoja ambaye angeweza kutuandikia historia nyingine kabisa. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa huru, alikuwa na Speke katika mtumbwi ule wa 1858. Mwaka 1871 alikuwa katika msafara wa Stanley wa kumtafuta Livingstone. Mwaka 1874 alikuwa mkuu wa watu wa Verney Lovett Cameron. Hakuna Mzungu yeyote wa zama zile aliyeijua njia ya kutoka pwani hadi Tanganyika kwa muda mrefu kama yeye. Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London kilimpa nishani ya fedha, na baadaye pensheni, jambo ambalo waajiri wengi wa leo wangefaa kuliiga. Alifariki mwaka 1885. Hatuna shajara yake. Tunachokijua juu yake tumekipata kwa waliomwajiri, ambao walimsifu alipowafaa na kumtukana alipochoka.

Safari ya Stanley na Livingstone inatuhusu kwa karibu zaidi. Wengi hukumbuka kukutana kwao Ujiji mwaka 1871, na safari yao ya mtumbwi hadi mdomo wa mto Rusizi, ambako waliona kwamba mto huo unaingia ziwani na hivyo hauwezi kuwa chanzo cha Nile. Wachache hukumbuka kwamba njia iliyomfikisha Stanley Ujiji, na ile iliyowarudisha wote wawili Tabora, zilipita katika nchi yetu. Vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimefunga njia ya kawaida, kwa hiyo Stanley alizunguka kwa kusini, akapita Ukonongo. Mwishoni mwa Desemba 1871 yeye na Livingstone waliondoka Ujiji kwa mitumbwi, wakateremka na mwambao wa mashariki hadi Urimba, wakaacha maji na kukata bara kupitia Ukawendi na Ukonongo hadi Tabora, walikofika Februari 1872. Mtumbwi waliokuwa wametumia kwenda Rusizi, Stanley anasema, ulichongwa kutoka mti mmoja wa mvule uliotoka Ugoma, ng'ambo ya ziwa. Hapo tunapata, kwa bahati tu, habari ya biashara ambayo wasomi wetu hawajaishughulikia vya kutosha: magogo ya mitumbwi yalitoka upande wa magharibi, wapigaji kasia walitoka upande wa mashariki, na ziwa lilikuwa karakana moja kabla halijawa mpaka wa dola nne.

Livingstone alirudi tena. Agosti 1872 aliondoka Tabora na wapagazi aliotumiwa na Stanley, akalifikia ziwa Oktoba, akafuata ufuko wake wa mashariki kwenda kusini kwa miguu katika joto kali la kabla ya mvua. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Laiti angekwenda kwa mtumbwi pengine angechoka kidogo. Lakini hayo ni mawazo ya mtu aliyekaa kivulini.

Machi 1874 Cameron alipita maji haya akiwa na boti mbili, Betsy na Pickle, na Mei akaukuta mto Lukuga upande wa magharibi. Akatangaza kwamba huo ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa. Stanley alipoufika mwaka 1876 akasema hapana, maji hayatoki, ila siku moja yatatoka. Edward Coode Hore, nahodha wa Misheni ya London, alifika mwaka 1879 akaona maji yanakimbia kwa nguvu kuelekea Kongo. Mabwana wa London walibishana juu ya jambo hili kwa miaka kadhaa, kila mmoja akidhani mwenzake ameona vibaya. Ukweli ni kwamba wote watatu waliona sawa. Lukuga ndio mlango pekee wa ziwa, na mlango huo ulikuwa umezibwa kwa matope na majani. Ziwa likawa linapanda mwaka hadi mwaka. Stanley mwenyewe alikuta michikichi aliyoiona sokoni Ujiji mwaka 1871 imesimama majini mwaka 1876. Kisha maji yakapata nguvu ya kukata kizuizi, yakamwagika, na katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata ziwa likashuka kwa karibu mita kumi.

Naomba msomaji aishike habari hiyo mkononi, hasa msomaji aliye mtumishi wa umma, maana nitaihitaji baadaye.

Agosti 1879, ziwa likiwa limeanza tu kushuka kutoka kilele chake, Kapteni Ernest Cambier alifika Karema kuanzisha kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ile jumuiya iliyobuniwa na Mfalme Leopold II katika mkutano wa Brussels wa 1876. Kwa hiyo mradi ambao baadaye ulizaa Dola Huru ya Kongo na ukatili wake ulipiga hema lake la kwanza la ziwani hapa kwetu, upande wa Tanzania. Mwaka uleule Leopold aliwaleta kutoka India ndovu wanne waliofundishwa kazi, wakashushwa karibu na Dar es Salaam, ili ijaribiwe kama wanaweza kuchukua mizigo hadi Karema badala ya wapagazi. Wengi wao walikufa njiani. Kiongozi wa msafara huo, Frederick Carter, aliuawa pamoja na mwenzake Cadenhead huko Mpimbwe Juni 1880, katika vita ambavyo havikuwa vyao. Mpimbwe leo ni halmashauri ndani ya mkoa wetu, na sijakuta kibao hata kimoja kinachomweleza mpita njia habari hizi.

Ngome ya Karema ilijengwa juu ya kilima kidogo karibu na maji, na maji yakaondoka. Kilichokuwa ufuko kikawa bwawa la matope na matete, kisha uwanja wa nyasi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapo mwaka 1880, alishangaa kwa maneno makali jinsi watu wenye akili walivyoweza kuchagua mahali pasipo na bandari. Lakini lile si suala la akili. Cambier alichagua kwa kutazama ziwa la siku ile. Alikuwa na vipimo, alikuwa na ramani, na alikuwa na haraka ya kutuma taarifa Brussels.

Aliyekuja baadaye, Emile Storms, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alishika Karema mwaka 1882, na mwaka 1883 akavuka ziwa kujenga kituo cha Mpala. Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, mtemi wa Kitabwa, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, na sanamu ya mti ya mababu zake ikaishia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Sanamu ya Storms mwenyewe ilisimama katika uwanja mmoja wa Brussels hadi ilipoondolewa mwaka 2022. Sisi wa upande huu tuna kawaida ya kudhani kwamba mambo ya Leopold ni mambo ya Kongo. Mtumbwi unaotoka Karema kwenda Mpala hauvuki historia mbili.

Mwaka 1885, mipaka ya Berlin ilipouacha ufuko wa mashariki kwa Wajerumani, vituo vyote viwili vilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na ngome ikawa misheni. Humo aliishi mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye mkazi mashuhuri kuliko wote wa mwambao huu, Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika Mali ya leo, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa jangwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza walikuja wakakaribia kuondoka, meli ya Goetzen ilizamishwa na kuibuliwa na kuitwa Liemba, na muda wote huo tabibu Mwafrika kutoka Afrika Magharibi alikuwa anapokea wagonjwa Karema. Ningefurahi kuona chuo chetu kimoja cha afya kikibeba jina lake.

Nilikwenda mwambao huo miaka michache iliyopita wakati wa likizo ya chuo, kiangazi, upepo wa kusi ukiwa umeshika. Kutoka Mpanda nilifika Ikola kwa gari, na kutoka Ikola hadi Karema niliomba nipelekwe kwa mtumbwi wa kupiga makafi, jambo lililowachekesha vijana wa mwaloni, kwa sababu pikipiki ipo na boti za injini zipo. Mzee mmoja alikubali, pamoja na mjukuu wake. Tuliondoka alfajiri. Milima ilikuwa bado nyeusi nyuma yetu na taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zinarudi kutoka kilindini, moja moja. Maji ya Tanganyika asubuhi ni safi kiasi kwamba unaona mawe ya chini na samaki wadogo wa rangi wakizunguka mawe hayo. Nakiri ni uzuri unaomfanya mtu asamehe sifa zote za vitabu vya wasafiri.

Kabla ya saa nne mzee aligeuza mtumbwi, akaupandisha mchangani, akajilaza chini ya mti. Kwa macho yangu ziwa lilikuwa limetulia.

"Mzee wangu, tunangoja nini?" nilimwuliza.

"Mwalimu, unaona yale mawe? Pale upepo unakatika na kurudi. Tukiingia sasa tutajaza maji. Jua likianza kulala tutapita."

Nilikaa saa sita nikimfikiria Burton. Baada ya muda mawe yale yalianza kupigwa na mawimbi meupe, na boti moja ya injini iliyokuwa inatoka kusini ikalazimika kuingia ghubani tulimokuwa. Jioni tulipita. Mzee alikuwa anayataja majina ya mahali kadiri tulivyosonga, si vijiji tu, bali kila jiwe kubwa, kila kijito, kila mchanga ambapo mtumbwi unaweza kupandishwa. Mengine yalikuwa ya Kibende, mengine ya Kitongwe, mengine alisema ni ya Waholoholo waliovuka kutoka ng'ambo zamani. Ramani niliyokuwa nayo ilikuwa na majina mawili: la tulikotoka na la tulikokwenda.

Abiria wenye shajara waliendelea kupita ziwani hata baada ya ukoloni. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba Aprili 1965, akavuka kurudi Novemba, na daftari lake limekuwa kitabu kinachosomwa dunia nzima. Lakini idadi kubwa ya safari za ziwa hili katika miaka 60 iliyopita ni za watu wasio na daftari. Mwaka 1972 Warundi walioyakimbia mauaji walishuka na mwambao kutoka Rumonge na Nyanza-Lac kwa mitumbwi ya wavuvi, wakiwa na watoto na magodoro. Wengi wao waliishia Katumba na baadaye Mishamo, na leo watoto na wajukuu wao ni raia wenzetu wa Katavi, wanalima na kulipa ushuru. Kuanzia 1996 walifuata Wakongo. Najua maprofesa wanaoweza kutaja kila kituo alicholala Stanley kati ya Ujiji na Kipili. Sijakutana na anayeweza kutaja njia ya mtumbwi mmoja wa mwaka 1972, ingawa waliokuwa ndani yake bado wako hai na wanaishi mwendo wa saa mbili kutoka stendi ya Mpanda. Hilo si tatizo la nyaraka. Ni uvivu wetu wa kitaaluma, na safari hii neno uvivu limetumika mahali pake.

Waswahili wenyewe waliwahi kuandika safari za bara. Carl Velten alichapisha mwaka 1901 mkusanyo wa masimulizi ya safari za Waswahili, likiwemo la Selemani bin Mwenye Chande aliyefika nchi za Tanganyika. Tippu Tip aliacha maisha yake kwa Kiswahili. Lakini hao nao walikuwa wenye mizigo na bunduki, watu wa kuchukuliwa. Walijua bei ya pembe na jina la kila mtemi, na juu ya waliowavusha walisema kwa ufupi tu kwamba tulivuka.

Sasa nirudi kwenye ile habari niliyomwomba msomaji aishike. Serikali, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, imejenga bandari mpya Karema kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, kwa lengo la kupeleka shehena ng'ambo, Kalemie na Moba, kwa njia fupi kuliko ya Kigoma. Nauunga mkono mradi huo bila kusita. Mpanda imeishi mwisho wa reli kwa miaka mingi mno, na njia ya kwenda Kongo kupitia Karema ni ya zamani kuliko dola zote mbili. Lakini eneo lilelile lina jengo la mwaka 1879 ambalo limesimama mbali na maji kama kielelezo cha kilichowapata waliolipima ziwa kwa mwaka mmoja. Na sasa mwelekeo umegeuka. Tangu 2020 maji yamepanda kwa kiwango kisichoonwa na kizazi hiki. Mitaa ya Bujumbura, Uvira na Kalemie imeingiwa na ziwa, na Kigoma majengo ya ufukweni yamefikwa na maji. Mlango ni uleule, Lukuga, na uko katika nchi jirani. Anayepanga gati, barabara ya kuingilia, soko la samaki au nyumba za watumishi Karema anapaswa kuwa na mezani kwake kumbukumbu za miaka 150 za kupanda na kushuka kwa ziwa. Kumbukumbu hizo zimo katika vitabu vya hao hao abiria, na zimo pia vichwani mwa watu wa mwaloni, ambao wanaweza kukuonyesha babu zao walipanda wapi mihogo na leo ni kina cha kuogelea.

Nimekuwa katika mikutano kadhaa ya wadau, na nimeona namna mvuvi anavyoalikwa. Hupewa kiti cha nyuma, hupewa dakika tano baada ya chakula, na huulizwa kama ana maswali. Mwaka 2024 nchi nne za ziwa zilikubaliana kusitisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na lengo hilo. Migebuka na dagaa wamepungua na kila mwenye macho sokoni Mpanda amekwishaona kwa bei. Ninachouliza ni swali la mwanahistoria. Kabla ya tarehe hizo kupangwa, nani alikwenda kukaa na wazee wa Ikola, Karema na Kabwe akawauliza, kwa kalamu na daftari, miezi gani samaki gani anakaribia ufuko, na ilikuwaje wakati wa baba zao? Kama kazi hiyo ilifanyika, ichapishwe kwa Kiswahili tuisome. Kama haikufanyika, bado miezi mingine ipo.

Kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, ambao mwezi ujao watakuwa wanachagua mada za utafiti, ninalo pendekezo. Achaneni kidogo na Stanley. Chukueni kipande kimoja cha mwambao, Ikola hadi Karema kwa mfano, mkakipite kwa mtumbwi pamoja na mtu anayekijua, mkaandika kila jina la mahali pa kupandisha mtumbwi, lugha yake, aliyelitoa, na habari inayoambatana nalo. Mnaotoka Katumba na Mishamo, anzeni na bibi zenu. Daftari langu mimi lina majina 31 kutoka siku ile moja. Mzee aliponitajia lile la tisa nilimwomba anionyeshe mahali penyewe, maana sikuona mchanga wala mwamba. Alinyoosha kafi akaonyesha maji yaliyo wazi, umbali wa kutupa jiwe kutoka ufukoni. "Pale," alisema, "ndipo tulipokuwa tunaanika dagaa."